Neno la Pili Nchini Tena

Ukipita Mitondooni ukamkuta Mzee Vuai barazani kwake, usimwulize habari za nchi ya Tena kama una haraka. Atakusogezea jamvi, atakumiminia kahawa, kisha ataanzia mbali kabisa, kwenye ua wa mama yake, kamba ya kuanikia nguo na harufu ya mvua. Wengi humkatiza wakitaka afike huko ng'ambo upesi, penye mabingwa na maajabu. Hao huambulia patupu, maana hadithi yenyewe imeanzia uani.

Uani pale walikulia watoto wawili, Mize na mdogo wake Vuai. Mize alikuwa na pua. Jua linawaka, nguo ziko kambani, yeye anainua kichwa na kusema, "Mvua inakuja." Vuai anatazama juu, haoni hata kipande cha wingu, anauliza, "Kweli?" Kisha huyo, mbio kwenda kumwuliza mama. Mama naye hana habari, anamwita jirani juu ya ukuta, na kabla jirani hajajibu matone yamekwisha anza, nguo zimelowa, isipokuwa zile alizowahi kuanua Mize mwenyewe. Watoto wa mtaa wakambandika Vuai jina la Bwana Kweli, na jina likamganda hata alipoota mvi.

Zilikuwa siku njema zile. Uji wa mtama ulitiwa tui la kwanza, ukanywewa kwa vifuu. Mvua ikipiga juu ya bati, mama alilazimika kusimulia ngano zake kwa sauti ya kunadi samaki, na watoto wakicheka zaidi sauti kuliko ngano. Mama alipofariki, Mize ndiye aliyeshika mwiko, akamlea mdogo wake katika nyumba ileile. Uzeeni, Mize akiwa mjane na Vuai mgane, wakarudi kukaa pamoja chini ya bati lilelile, wakigombana kwa raha kama zamani.

Ndipo Bi Mize akaanza kuumwa tumbo. Akapungua mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Daktari wa Mitondooni alikuwa Raya, binti wa jirani yao Makame, aliyejifunzia alifu na be katika ua huohuo. Raya alimpima, akampeleka hospitali kuu akapigwa picha, akarudi nazo, akakaa mkekani na kumshika mkono.

"Shangazi," alisema, "ugonjwa huu umekwisha tembea. Kuukata hatuwezi tena. Maumivu tunaweza kuyapunguza, na n'takuja mwenyewe kila siku."

Bi Mize akaubana ule mkono. "Ahsante, mwanangu, kwa kutonificha. Basi nitaugulia hapahapa kwangu, nisikie bati langu."

"Kweli?" alisema Vuai, na hakuwa akimwuliza dada yake. "Raya, hebu tazama tena. Wewe si mtoto wa juzi tu? Mimi huyu nilikuwa nikikufuta kamasi."

Raya hakukasirika. Alisema si vibaya kutafuta neno la pili, hata yeye angelitafuta, ila aliwaomba wasichelewe, maana muda uliobaki ni mdogo na ni wa Bi Mize. Hilo la mwisho Vuai hakulisikia. Alikwisha amua kwenda Tena, nchi ya mabingwa, ambako kila mwenye uwezo wa Mitondooni alipelekwa akiugua ugonjwa mzito, na mtaa mzima ukatoka kuaga kama kwenye harusi.

"Sitaki kwenda, Vuai."

"Mgonjwa haulizwi uji, dada."

Vuai hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu wa majivuno. Alikuwa anaogopa tu. Mize ndiye aliyekuwa mama yake wa pili, na hapakuwa na wa tatu.

Njia ya kwenda Tena haina haja ya kuelezwa. Aliyewahi kuuguza anaijua, na asiyewahi tumwombee asiijue.

Siku waliyofika mvua ilikuwa ikinyesha ya kumwaga. Sokoni watu walisimama katikati ya maji, nguo zimewaganda mwilini, miavuli wameikunja kwapani, wanauziana vitunguu vilivyolowa. Vuai alimsogelea mmoja wao akamwuliza kwa nini hawajikingi.

"Tujikinge na nini, bwana?"

"Na mvua hii."

Yule mtu alimtazama kwa makini. "Wewe umetoka wapi?"

"Mitondooni."

"Ni mbali?"

"Mbali sana."

Mtu yule akageuka, akapaza sauti: "Inanyesha! Mgeni wa mbali kasema inanyesha!" Soko zima likafungua miavuli kwa mkupuo mmoja, na wanawake wakaja kumshukuru Vuai, mmoja akampa fungu la bamia. Bi Mize alicheka, akacheka, mpaka akajishika tumbo. Alikuwa hajacheka hivyo tangu kiangazi. "Vuai," alisema, "leo umefika kwenu."

Afisa aliyewapokea aliitwa Mpima Masafa. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia safi, naye aliwaeleza sheria za nchi bila kiburi. Katika Tena, alisema, neno halisimami kwa mguu mmoja. Likisemwa mara moja ni pumzi tu. Lazima lisemwe tena na mtu mwingine, na huyo mwingine awe ametoka mbali kuliko wa kwanza, kwani aliye karibu na jambo hulipenda au hulichukia, na macho yake hayafai. Ndiyo sababu mpishi wa Tena haonji mchuzi wake. Humwita mpishi wa mtaa wa pili aje aseme kama chumvi imekolea, na wa mtaa wa pili asipofika, watu hula chapwa na kushukuru. Bibi harusi akisema ndiyo, hutafutwa mpita njia naye akaulizwa. Mpita njia akisema hapana, wageni hurudi makwao na pilau huliwa na majirani.

"Na waganga wenu?" aliuliza Vuai, ambaye mpaka hapo aliona sheria hizo zina busara nyingi.

Mpima Masafa akawapeleka kuwaona. Mji mkuu una malango mawili, la mashariki na la magharibi. Kila asubuhi madaktari wote, ambao wamezaliwa humohumo mjini na mama zao wanauza maandazi sokoni, hutoka kwa lango la mashariki na mikoba mkononi, huzunguka nje ya ukuta katika jua, na kuingia kwa lango la magharibi wakiwa wageni. Hupokelewa kwa ngoma. Hupewa maji ya kunawa. Watu huulizana, "Huyu katoka wapi?" na kujibizana, "Mbali." Daktari aliyeshinda ndani huitwa mwenyeji, na hakuna amleteaye hata mtoto mwenye mafua. Anayezunguka mara nyingi zaidi ndiye bingwa zaidi, na alikuwapo mmoja aliyesifiwa mno, viatu vimekwisha soli, ambaye kwa kuzunguka kwake hakupata nafasi ya kumtazama mgonjwa.

Jambo hilo lilikuwa na mabishano yake, kwani hakuna nchi isiyo nayo. Katika Baraza la Masafa palikuwa na kundi la Vumbi na kundi la Lango. Watu wa Vumbi walishika kwamba umbali umo katika vumbi la viatu, hivyo daktari aliyebebwa kwa kiti hakutoka popote. Watu wa Lango walisema vumbi hata kuku analo, bali kinachomfanya mtu kuwa mgeni ni kupita mlangoni. Vuai alihudhuria mabishano hayo asubuhi nyingi, akitikisa kichwa mara kwa huyu, mara kwa yule. Bi Mize alikuwa akimngoja chumbani.

Daktari wao wa kwanza aliingia na jasho lake na mkoba wake. Akakaa, akamgeukia Vuai. "Anaumwa wapi?"

"Hapa, mwanangu," alisema Bi Mize.

Daktari akaziba masikio upesi. Mpima Masafa akainua mkono, akasema kwa upole, "Samahani, mama. Mgonjwa yuko karibu mno na ugonjwa. Hakuna shahidi mbaya kuliko yeye. Aseme ndugu."

Vuai akainua kidole kumwonyesha daktari, na kidole kikabaki hewani. Kushoto? Kulia? Chini ya mbavu au karibu na kitovu? Miezi yote ile alikuwa amehesabu mabingwa, asiwahi kumwuliza dada yake mahali panapouma. Akaonyesha kushoto.

Bi Mize, ambaye maumivu yake yalikuwa kulia, aligeukia ukuta. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," alisema, na kwa kuwa alisema mara moja tu, hakuna aliyelijali neno lake.

Daktari alizitazama picha za Mitondooni kwa muda mrefu. Alikuwa daktari mzuri, haki yake apewe. Alisema ugonjwa umekwisha tembea, hauwezi kukatwa, na kwamba maumivu yanaweza kupunguzwa. Yalikuwa maneno ya Raya, neno kwa neno, ila haya yalisemwa kutoka kwenye kiti, wala mkono wa mtu haukushikwa.

"Kweli?" aliuliza Vuai.

Mpima Masafa akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Umeuliza kama raia," alisema. Akampeleka kwa daktari wa pili, aliyezunguka zaidi. Naye akasema yaleyale. Wa tatu akasema yaleyale akiwa bado anahema. Kila lilipotoka neno, Vuai aliuliza Kweli yake, na kila alipouliza alisogezwa mbele kwa heshima, mpaka hapakubaki mwingine ila Bingwa Mkuu.

Bingwa Mkuu wa Tena ni mkuu kuliko wote kwa sababu anatoka mbali kuliko wote. Anatoka mbali hata hajafika. Hakuna aliyemwona, wala baba wa mtu aliyemwona, na hiyo ndiyo hoja kubwa ya ubingwa wake. Wanaomtaka hulazwa katika Nyumba ya Kungojea, yenye vitanda vingi na madirisha yanayotazama barabara.

Humo ndimo Bi Mize alimowekwa, kitanda jirani na cha Bwana Juba. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye mashavu, mwenye mapaja, mwenye kukoroma vizuri. Alikwisha pona siku nyingi. Lakini aliyesema kuwa amepona alikuwa yeye mwenyewe, na kwa hiyo alikuwa bado mgonjwa, akila uji na kuomba dua.

Uji wa nyumba ile ulipikwa na mmoja, ukatiwa sukari na mwingine, ukaletwa na wa tatu, ukafika umepoa. Bi Mize alionja kijiko, akakirudisha. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, akaanza kuzungumza habari za nyumbani. Alisimulia tui la kwanza na vifuu. Alisimulia jinsi ua unavyonuka jioni ya kwanza ya masika, udongo na majani mabichi, na jinsi mama alivyokuwa akipiga kelele ili ngano ishinde bati. Alimsimulia Vuai mdogo akikimbia na swali lake huku nguo zinalowa. Wagonjwa wakanyamaza kusikiliza, kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza kukumbuka vya kwao: mmoja kisima, mmoja mbuzi aliyekuwa akijibu akiitwa jina, mmoja sauti ya mkewe akikwaruza ukoko wa wali. Wengine walilia. Hapakuwa na mtu wa kuthibitisha kumbukumbu hizo, na kwa muda huo hakuna aliyedai zithibitishwe.

Siku moja Bi Mize alimgeukia Bwana Juba. "Ewe baba, wewe umepona."

"Kweli?" alisema yule.

"Mimi nimetoka Mitondooni. Ni mbali sana. Nakwambia umepona, inuka uende kwa wanao."

Bwana Juba akainuka. Akajigusa kifua, akajigusa magoti, akatoka nje akikimbia kwa kanzu ya hospitali, na barabara nzima wakasikia akiimba. Tangu hapo kitanda cha Bi Mize hakikukauka watu. Walikuja hata wasiougua. Mwanamke mmoja aliyemwuguza mumewe miaka mingi aliinama akamwuliza sikioni kama yeye amechoka. "Umechoka, mwanangu," alijibu Bi Mize, "tena sana. Kalale." Mwanamke yule akaenda akalala, na watu wa kwao wakatembea kwa vidole asiamke.

Ila kwa habari ya mwili wake mwenyewe, hakuna aliyemwuliza kitu. Alizidi kukonda. Mkono wake ukawa mwepesi, na Vuai alipoushika aliona haya kuushika, kana kwamba ameiba kitu.

Alasiri moja Vuai aliingia amefurahi, akihema, ametoka Barazani. "Dada! Vumbi limeonekana mlimani. Wanasema Bingwa Mkuu yu njiani!"

"Mwaka jana pia lilionekana," alisema mgonjwa wa kitanda cha nyuma. "Na mwaka juzi."

Bi Mize akajiinua kwa kiwiko. Hakuinua sauti, lakini nyumba nzima ilimsikia.

"Vuai, nataka kurudi nyumbani."

Mpima Masafa, aliyekuwa mlangoni, akavua kofia kwa masikitiko. "Mama, hilo ni neno la mgonjwa, nalo limesemwa mara moja. Haliwezi kusimama." Kisha, kwa kuwa sheria ilimtaka aulize, akauliza kama alivyouliza kwa wengi bila kupata jibu hata siku moja: "Yuko mtu mwingine wa mbali anayelisema?"

Wagonjwa wote wakamtazama Vuai.

Neno lake la siku zote lilikuwa limekwisha fika ulimini. Akamtazama dada yake, na dada yake alikuwa ameinua kichwa kidogo, pua mbele, vilevile kama alivyokuwa akisimama chini ya kamba ya nguo.

"Mvua zimekaribia kwetu," alisema Bi Mize. "Naisikia harufu yake."

Nani anaweza kunusa mvua ya nchi nyingine? Vuai alikuwa na maswali mengi ya kuuliza hapo. Akayameza, na yalimkwaruza yakishuka.

"Dada yangu anataka kurudi nyumbani," alisema.

Neno likasimama. Mpima Masafa alibaki ameshika kofia, maana tangu nyumba ile ijengwe ndugu walikuwa wamesema mengi humo, wakaomba mengi na kulipinga kila neno, ila hakuna aliyewahi kulirudia neno la mgonjwa wake. Kisha akasogea pembeni, akaufungua mlango wote.

"Na Bingwa Mkuu akifika?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Mwambie tumetoka," alisema Bi Mize. "Tumekwenda mbali."

Mitondooni waliwakuta majirani wametandika kitanda karibu na dirisha. Raya alikuja siku hiyohiyo. Hakuuliza walikwenda wapi wala waliambiwa nini. Alimwuliza mgonjwa, "Shangazi, inauma wapi?" Bi Mize akamwambia, na Raya akaweka mkono palepale. Akatoa dawa, na usiku ule Bi Mize akalala bila maumivu. Vuai alisimama ukumbini akalia, kwa shukrani na kwa uchungu wa siku zile walizoziacha Tena, ambazo hakuna daktari wa karibu wala wa mbali awezaye kuzirudisha.

Asubuhi alichungulia chumbani na sufuria mkononi. "Dada, utapenda uji wa mtama au wa mchele?"

Bi Mize alimkazia macho. "Mgonjwa anaulizwa uji! Basi dunia imegeuka." Akataka wa mtama, na tui la kwanza, na kifuu. Alikunywa kidogo tu, lakini ulikuwa wa moto.

Siku moja jua likiwaka, amelala karibu na dirisha, akasema, "Mvua inakuja." Vuai hakutazama juu. Alitoka uani akaanua nguo zote kambani, shuka na kanga na kanzu, huku jirani juu ya ukuta akimwuliza kama ana akili. Alipoikunja ya mwisho, tone la kwanza likapiga bati. Kisha la pili, kisha nyumba nzima ikajaa ile sauti ya mama yao akishindana kusimulia.

"Inanyesha," alisema Bi Mize.

"Inanyesha, dada," alisema Vuai, naye ilimbidi apaze sauti.

Bi Mize alifariki katika mvua zilezile, kabla hazijakatika, mkono wake ukiwa katika mkono wa mdogo wake.

Sasa Mzee Vuai ana desturi moja ambayo wageni hawaielewi. Bati likianza kulia hukatiza hadithi yake katikati, akashika kikombe cha kahawa bila kunywa, akasema polepole, "Inanyesha." Kisha hutega sikio upande wa dirisha, akangoja. Wenyeji tumezoea, tunamwacha. Lakini ukiwapo barazani siku hiyo, nawe umetoka mbali, tafadhali mjibu.